Kicheko Kisichodharau Mtu: Filme za Jacques Tati

Mtu akianguka njiani, wenzake wanacheka. Ndiyo desturi ya watu, na wenye kutengeneza sinema wameijua tangu mwanzo. Lakini, msomaji mpenzi, tujiulize: tunapocheka, tunacheka juu ya nini? Juu ya yule aliyeanguka, ao juu ya jambo linaloweza kutupata sisi wote? Katika sinema ya Ufaransa, mtu aliyejibu ulizo hili vizuri sana ni Jacques Tati.

Tati alizaliwa mwaka wa 1907 karibu na Paris, akafa mwaka wa 1982. Mbele ya kuingia kazi ya sinema alichekesha watu katika teatro, akiiga wachezaji wa michezo kwa mwili wake tu, bila maneno. Filme zake kubwa ni chache, hazipiti sita. Ndani yake watu wanasema kidogo, na mara nyingi maneno yao hayasikiki vizuri. Kwa hiyo mtu asiyejua Kifaransa anaweza kucheka sawasawa na Mfaransa.

Kwanza tuangalie « Les Vacances de Monsieur Hulot », ya mwaka 1953. Mwanzoni wasafiri wanangoja treni. Kipaza-sauti kinakoroma, hakuna anayefahamu neno hata moja. Wote wanakimbia ng’ambo ya reli, na treni inafika palepale walipotoka. Baadaye motokari ya Bwana Hulot inaharibika penye makaburi. Mpira wa ndani wa gurudumu unaanguka chini, majani yanaushika, na watu wa maziko wanaupokea kama shada la maua. Hulot ni mtu wa adabu, hawezi kukataa. Basi anabaki pale kupeana mkono na watu kama mmoja wa wafiwa. Tunacheka sana, lakini hatumcheki mfu wala wafiwa. Kila mtu alitenda kwa nia njema. Ni majani tu yaliyowadanganya.

Pili, kuna « Jour de fête », ya mwaka 1949. François, mpeleka-barua wa kijiji, anaonyeshwa filme juu ya posta ya Marekani, na watu wanamchokoza. Toka hapo anataka kuwapita Wamarekani kwa upesi. Ananyonga kinga yake bila kupumzika, anajishika nyuma ya kamyo inayokwenda na kupiga chapa barua palepale, hata mwisho anaingia mtoni pamoja na kinga. Tena Tati hamdharau François, maana ni mtu mwenye bidii. Kinachochekwa ni zile mbio zisizo na faida, katika kijiji ambamo hakuna aliyeomba barua ifike kwa dakika mbili.

Labda mtu atasema: « Tati anachukia maendeleo tu, anatamani mambo ya zamani. » Neno hili lina haki yake, zaidi juu ya « Mon Oncle », ya mwaka 1958, iliyopata tuzo ya Oscar. Katika bustani ya Bwana na Bibi Arpel kuna samaki wa chuma anayerusha maji mgeni wa heshima anapopiga kengele. Akiwa ni Hulot tu, ndugu ya Bibi Arpel, maji yanafungwa. Jambo hili linachekesha, lakini linarudishwa mara nyingi mno. Na mtaa wa zamani anamokaa Hulot ni mtamu kupita kiasi: umaskini wake hauna harufu, wala hatuoni mwenye njaa. Hapo Tati amepunguza kweli.

Lakini shurti tungoje mwisho wa filme. Watoto wana mchezo wao: wanapiga mluzi ili mpita-njia ageuke na kugonga nguzo. Siku Hulot anapopelekwa mbali, Bwana Arpel anapiga mluzi kwa kumwita, na mtu mwingine anageuka, anagonga nguzo. Mtoto wake, aliyempenda mjomba kuliko baba, anamshika baba mkono. Basi hata yule tajiri wa mashini hakuhukumiwa. Amerudishiwa mtoto wake.

Mwaka wa 1967 Tati alitoa « Playtime ». Kwa filme hiyo alijengesha karibu na Paris mtaa mzima wa vioo na chuma, na gharama ikamwangusha katika madeni makubwa. Ndani yake mlango wa kioo wa hoteli ya kulia unavunjika. Bawabu anabaki na mkono wa mlango tu, naye anaendelea kuwafungulia wageni mlango usiokuwako. Wageni wanapita kwa heshima. Kisha sehemu ya dari inaanguka, na watu wasiojuana wanaanza kuimba pamoja. Hilo ndilo jibu lake kwa wanaosema anachukia mambo mapya: hata katika nyumba ya vioo watu wanaweza kuwa majirani.

Filme nyingi za kuchekesha zinatuonyesha kwa kidole fasi ya kucheka. Tati anaweka picha pana yenye watu wengi, na kila mmoja wetu anatafuta mwenyewe. Ndiyo sababu filme zake hazichakai: ukiziangalia mara ya pili, utaona mtu ambaye mara ya kwanza hukumwona.