Utoto wa Nani Huu?

Tunaambiwa Stranger Things (2016) "inatukumbusha utoto wetu". Sisi nani? Fani yake ya kuazima, kwa kweli, ni safi. Herufi nyekundu za jina ni Benguiat ya 1977, zile za majalada ya Stephen King. Zinajiunga polepole gizani, kama Richard Greenberg alivyofanya katika Alien (1979). Watoto na baiskeli zao ni E.T. (1982) mtupu. Lakini aliyekulia vibanda umiza vya Kahama au Geita hakukariri herufi, bwana! Picha aliipokea kwa sauti ya mtafsiri, Lufufu kwa mfano, aliyezungumza juu yake kwa Kiswahili. Baiskeli huenda akazitambua. Jina lile, kwake, ni maandishi mekundu tu.