Ngoma Kabatini: Isukuti na Hifadhi za Vyuo Vikuu

Yafaa tujiulize: makumbusho ya chuo kikuu huhifadhi kitu, au ujuzi wa kitu hicho? Isukuti ya Waisukha na Waidakho wa Kakamega yatupa kipimo. Mwaka 2014 UNESCO iliiorodhesha miongoni mwa urithi unaohitaji kulindwa haraka, kwani wajuzi wake wengi walikuwa wazee na warithi hawakutosha. Ngoma zake ni tatu, kubwa, ya kati na ndogo, zikiandamana na pembe ya swala na manyanga ya chuma. Isukuti ni jina la chombo na la mchezo pia, kama lilivyo neno ngoma katika Kiswahili. Basi aliyeweka chombo kimoja kabatini na kuandika "ngoma, Kakamega" amehifadhi mti na ngozi tu. Ameacha wimbo, mwimbishaji, na arusi au matanga yaliyoiita.

Kosa hilo ni letu wanalugha kwanza, maana maelezo ya kifaa ni kazi ya lugha. Chuo Kikuu cha Masinde Muliro kiko Kakamega penyewe. Hapo mpigaji mzee aweza kuketi na wanafunzi, kila kifaa kikaandikwa kwa Kiisukha, Kiidakho na Kiswahili. Hifadhi isiyosomeshwa ni ghala.