Ustadi wa Wapasuaji wa Kifundo

Katika mifupa yote inayouchukua mwili wa mwanadamu siujui mmoja uliopewa kazi kubwa kwa msaada mdogo kama mfupa wa talusi, uliokaa baina ya muundi na kisigino, ambao haukushikwa na msuli hata mmoja, ambao zaidi ya nusu ya uso wake umefunikwa na gegedu, na ambao kwa sababu hiyo njia za damu ziuingiazo ni chache na nyembamba. Gegedu hilo lenyewe unene wake ni milimita moja na nusu hivi, nalo hubeba uzito wa mtu mzima anaposimama, na uzito huo mara kadhaa anapokimbia au kuruka. Halina damu wala mishipa ya fahamu. Basi linapochanika siku ya kwanza halipigi kelele, na linapoachwa halijiponyi. William Hunter aliwaeleza wanachuoni wa Royal Society mjini London mwaka 1743 kwamba gegedu likishaharibika halirudi, na ingawa tangu siku hiyo umepita muda wa karibu karne tatu, na maarifa ya tiba yamepanda daraja ambazo yeye hakuzidhani, kauli yake haijapata wa kuitangua. Mpasuaji wa kifundo, kwa hiyo, hufanya kazi juu ya kitu asichoweza kukirejesha, na hilo ndilo lililonifanya niione kazi yake kuwa ya adabu kwanza, na ya nguvu baadaye.

Nilipata ihsani ya kusimama, kwa idhini ya mgonjwa na ya wenyeji wangu, katika chumba cha upasuaji cha hospitali moja, nikimtazama tabibu mzee wa mifupa ambaye vijana waliomzunguka walimwita Mwalimu. Mgonjwa alikuwa mcheza mpira aliyeteguka mguu zamani, akakandwa, akarudi uwanjani, akateguka tena, hata maumivu yakawa hayamwachi usiku wala mchana. Picha zilionyesha kwamba katika pembe ya ndani ya talusi gegedu limebambuka pamoja na kipande cha mfupa, na chini yake pamefanyika shimo. Mahali hapo palifunikwa na ile nundu ya muundi iliyotokeza upande wa ndani wa kifundo, na atakaye kupafikia hana budi kuikata nundu hiyo, ambayo haina ugonjwa wowote, aipindue kando, atende kazi yake, kisha airudishe ilipokuwa.

Sasa nieleze jambo lililonikaa moyoni. Kabla ya kuugusa msumeno, yule mzee alishika keekee akatoboa matundu mawili kutoka ncha ya nundu kwenda juu ndani ya muundi, akapima urefu wake, akatia parafujo mbili akazikaza mpaka mwisho, kana kwamba mfupa umekwisha vunjika naye yu katika kuuunga. Kisha akazifungua, akazitoa, akaziweka katika bakuli. Nilistaajabu kumwona mtu anaunga kitu kizima. Akanieleza, pasipo kuinua macho, ya kuwa mfupa ukishakatwa huwa umepoteza mahali pake, na mkono wa mtu, hata uwe mwepesi namna gani, hauna hakika ya kuurejesha. Lakini matundu yaliyotobolewa hali mfupa ungali mzima hayakosei, na parafujo zikipita tena katika njia zake za kwanza huivuta nundu mpaka ilipotoka, bila ya kuzidi wala kupungua kiasi ambacho kingelikwaruza gegedu kila mgonjwa apigapo hatua. Alikuwa ameyamaliza mawazo ya kufunga kabla hajafungua. Ni wangapi katika zama zetu, katika kazi yoyote ile, wanaoanza hivyo?

Ndipo ukaja msumeno, mwembamba, uendao kwa umeme, ukimwagiwa maji muda wote, maana joto la meno yake huua mfupa, na mfupa uliokufa haushikani. Aliupeleka mshazari, taratibu, lakini hakuufikisha mwisho. Alipokaribia gegedu aliusimamisha akaomba patasi. Msumeno hula, na kila upitapo huacha nyuma pengo la upana wa meno yake; pengo hilo katika mfupa si neno, walakini katika gegedu ni hasara isiyolipika. Patasi haili kitu, hutenga tu. Basi akagonga kwa nyundo ndogo, akisikiliza, kwa sababu mlio wa patasi ndani ya mfupa mgumu ni mmoja na mlio wake ikaribiapo kutokea upande wa pili ni mwingine, na kijana aliyeushika mguu alionywa asiseme neno. Nimepata kuwaona mafundi wa milango ya nakshi wa Lamu wakigonga namna hiyo hiyo, wakiutegea mti masikio, wala sikudhani ningelikuta adabu yao mahali pale.

Yaliyofuata ni sahala kuyasimulia ingawa si sahala kuyatenda. Alikwangua gegedu bovu hata kingo za jeraha zikasimama wima, akasafisha shimo, akatoa katika goti la mgonjwa, mahali pasipobeba mzigo mkubwa, kigingi cha mfupa chenye gegedu lake kichwani, akakipandikiza. Njia hii ilisitawishwa na László Hangody wa Hungaria, aliyeanza kuitumia kwa watu mwaka 1992, na ugumu wake wote umo katika usawa: kigingi kikitokeza juu ya gegedu linalokizunguka hata kidogo, kitabeba peke yake uzito wa wote, kikizama, kimekuwa shimo jipya. Mzee alipitisha chombo butu juu yake, akarudia, akarudia tena, hali sisi wengine tulikuwa tumekwisha ridhika zamani.

Si kila jeraha linalotaka mfupa ukatwe. Mengi ya leo hutibiwa kwa darubini ya kiungo, na darubini hiyo ina silsila ya walimu na wanafunzi inayopendeza kuikumbuka. Kenji Takagi wa Tokyo alitazama ndani ya goti la maiti mwaka 1918. Michael Burman wa New York, baada ya kuvijaribu viungo vingi vya maiti, alikata shauri mwaka 1931 kwamba kifundo kimebana mno, hakifai kuingiwa. Kisha mwanafunzi wa Takagi, Masaki Watanabe, akatangaza mwaka 1972 kwamba ameingia. Baina yao walikuwako Berndt na Harty, ambao mwaka 1959 waliandika jinsi walivyopinda miguu ya maiti ili waone gegedu hupasuka vipi, na daraja nne walizoligawia jeraha hilo zingali zikitajwa mpaka leo.

Darubini nayo ina adabu yake. Mpasuaji mwangalifu hukata ngozi peke yake, kisha huitanua nyama kwa koleo, kwa kuwa chini ya ngozi hiyo, upande wa nje, upo mshipa wa fahamu ambao ukikatwa mgonjwa ataamka na ganzi ya daima upande wa juu wa unyayo. Na ili aujue ulipo hukipinda kidole cha nne cha mguu, na kwa watu wengi mshipa huonekana ukijichora kama uzi. Akiisha kuingia na kusafisha, hutoboa mfupa vitundu vilivyoachana milimita 3 au 4, uboho upate kutoka na kuganda juu ya jeraha. Kinachoota hapo ni kiraka; gegedu la asili ni kitu kingine. Majeraha yasiyozidi upana wa milimita 15 ndiyo yaliyohesabiwa kufaa njia hii, na wengi siku hizi huupunguza mpaka huo.

Kiraka hicho hutaka muda. Mguu huhitaji kuchezeshwa bila ya kukanyagiwa, aghalabu kwa wiki kadhaa, na mchezo huja baada ya miezi. Na hapa ndipo moyo wangu unapohuzunika. Kwetu kuteguka ni jambo la kucheka. Mtu huambiwa ajikaze. Simlaumu mkandaji, maana wakandaji hodari wa zamani walijua kusema kwamba mguu huu si wangu, mpelekeni kwa tabibu. Nawalaumu wanaomrudisha kijana uwanjani kwa sababu Jumamosi ina mechi, na wafanyao biashara ya sindano wakiahidi gegedu jipya kwa watu waliokwisha choka kuumwa. Kazi ya mikono iliyochukua saa tatu kwa uangalifu wa namna ile huharibiwa na siku moja ya papara, na anayeiharibu hata hajui kwamba palikuwa na kitu.

Kuna na hasara nyingine. Zamani mwanafunzi alisimama ubavuni mwa mwalimu wake miaka, akiushika mguu tu, mpaka sikio lake likajua mlio wa patasi. Sasa vijana huja miezi michache, macho yao yakielekea kioo cha darubini, na upasuaji wa kuukata mfupa wauona mara chache kwa kuwa unahitajiwa mara chache. Katika daftari kazi yote ile huandikwa kwa mstari mmoja, kwamba nundu ilikatwa ikarudishwa kwa parafujo mbili, wala haisemwi kwamba parafujo zilitangulia msumeno, wala msumeno ulisimamishwa wapi na kwa nini. Yule mzee amebakiwa na muda mchache wa kazi. Ningelikuwa na amri, ningeliwaweka vijana wawili pamoja naye tangu kesho, wasihamishwe, wasipewe zamu nyingine, mpaka atakapowapa patasi mikononi mwao, yeye akasimama kushika mguu.