Empire of Dust: Leta iko wapi ndani ya hii filamu?

Kila kiisha muda fulani mtu anarudisha kwenye group kale kapande ka video: Mchina amekasirika, anamwambia Mkongomani wanayetumika naye kwamba Wabelgiji walituachia vitu, na sisi tukaacha viharibike. Chini yake tunaandika "anasema kweli", tunacheka kwa uchungu, tunaendelea. Wachache ndio wameangalia filamu yenyewe. Inaitwa Empire of Dust, ya Mbelgiji Bram Van Paesschen, ilitoka 2011, na ni ya saa moja na dakika kidogo. Mimi niliiangalia yote mara mbili. Inachekesha, imepigwa vizuri, lakini inatuacha na jibu baya.

Kisa ni hiki. Kampuni CREC imeweka kambi karibu na Kolwezi ili itengeneze barabara mpaka Lubumbashi, kilometa 300 hivi. Lao Yang ni mukubwa wa vifaa na chakula cha kambi. Eddy, Mkongomani anayesema Kichina bila kukwama, ni mtafsiri wake. Leta yetu ilipaswa kuleta vifaa, haikuleta. Njo maana Lao Yang analazimika kutoka kambini na kwenda kubishana bei na wafanyabiashara wa hapa.

Rudieni ile sentensi juu ya Leta. Shida yote ya filamu inatoka pale, lakini kamera inabaki barabarani, ku vumbi, na hawa watu wawili. Basi sisi watazamaji tunaona tabia tu: huyu ana haraka, yule anazungusha maneno, kumbe ni "utamaduni". Ofisi iliyokosa kutimiza neno lake inapona kabisa.

Na upande wa China ni vilevile. CREC si duka la mtu, ni kampuni ya Leta yao. Mwaka 2001 China iliandika ndani ya mpango wake wa miaka mitano kwamba makampuni yaende kuwekeza nje, na benki yake ya Exim, iliyoanzishwa 1994, iko kwa kukopesha kazi za namna hiyo. Mwezi wa 4, 2008, CREC na Sinohydro walitia sahihi na Kinshasa mambo ya Sicomines: shaba na kobalti, na sisi tupewe barabara na hospitali. Wachina 68 kwa mia, Gécamines 32. FMI ikalalamika juu ya deni, na 2009 hesabu ikashushwa toka miliari 9 za dola mpaka karibu 6. Mtu mwenye mgongo kama huo anaweza kukaa ku vumbi na kungoja. Tunaita hiyo roho ya kazi ya Wachina. Mimi naona kwanza nguvu ya mkopo. Kampuni ya jamaa moja ingehesabu hasara ya miezi miwili na kufunga kambi.

Juu kuko Wachina wengine, ambao filamu haina nafasi yao. Watu wa Wenzhou, ku jimbo la Zhejiang, walitoka na pesa ya ndugu. Mjomba anakopesha, binamu anatangulia, anakuita, unalala kwake, unashona ku karakana yake mpaka unafungua yako. Toka miaka ya 1990 walijaza mji wa Prato, Italia, na karakana za nguo namna hiyo. Pesa wanakusanya kwa zamu, kama likelemba yetu kabisa. Pale ndiyo desturi ya jamaa inaamua nani aende wapi na biashara gani. Wachina hao na Lao Yang wana mababu wamoja, lakini mtaji wao hautembei njia moja.

Sasa nani atasema jamaa zetu ndizo zinaua biashara? Nasikia hiyo kila siku kwa wenzangu wenye licence: ukifungua kitu, wajomba watakula. Ndugu wa Wenzhou nao wanadai, tena sana. Lakini Leta yao ilipofungua mlango, Wenzhou ilitoa leseni ya biashara ya mtu binafsi toka 1980. Kwetu, tarehe 30 Novemba 1973, Mobutu alitangaza kwamba mashamba na maduka ya wageni yanapewa Wazairwa, na mengi yalikwenda kwa watu wa karibu na utawala, ambao hawakujua hata kupalilia. Jamaa iliyoona duka likichukuliwa kwa hotuba moja, itamshauri mtoto wake aweke pesa wapi?

Mimi ni mtu wa agronomia, kwa hiyo nitasema pia juu ya kuku. Kambi ya Lao Yang inahitaji kuku kila mara, na kuku wa nyama anakuwa tayari kwa wiki 6 hivi. Hilo ni soko! Lakini chakula chake ni mahindi, na Katanga inategemea mahindi ya Zambia. Pale pia, kabla ya kusema watu wetu ni wavivu, ningeuliza hali ya barabara za vijiji na bei ya mbolea.

Angalieni filamu nzima, si kale kapande. Angalieni hasa Eddy, anayebeba matusi ya pande mbili na kuyalainisha kabla ya kuyafikisha. Ningelipa kuona filamu nyingine juu yake peke yake: nani alimlipia masomo ya Kichina, na ku mwisho wa mwezi, watu wangapi nyumbani wanangoja ule mshahara.