Mpiga Solo Akihama: Gitaa la Kwanza na Sauti ya Bendi za Dansi

Katika nchi ya Wasukuma iliyo kusini-mashariki ya Ziwa Victoria, ambayo tangu mwaka 1912 hata 2012 ilipita katika majina mengi ya utawala kabla ya kuitwa Mkoa wa Simiyu wenye makao yake Bariadi, mashindano ya ngoma hufanywa baada ya mavuno, pamba ikiisha kuchumwa na watu wakipata nafasi. Vyama vikuu vya ngoma ni viwili, Bagika na Bagalu. Cha kwanza hunasibishwa na Ngika na cha pili na Gumha, waganga na mafundi wa ngoma walioshindana katika karne ya 19. Siku ya mashindano makundi mawili hucheza wakati mmoja katika uwanja mmoja, wala hapana mwamuzi mwenye daftari. Watazamaji wenyewe huuacha upande mmoja na kuukimbilia wa pili, na penye umati mkubwa ndipo penye ushindi.

Watu waliolelewa katika uwanja wa namna hiyo hujua jambo moja pasipo kufundishwa: jina la chama ni kitu kimoja, na manju anayeongoza nyimbo zake ni kitu kingine. Mgika hubaki Mgika hata manju wake akifa au akihama. Lakini ngoma aliyoizoea haibaki ile ile, na miguu ya watazamaji huwa ya kwanza kulitambua hilo.

Kipimo hiki ndicho kilichokosekana katika mengi yaliyoandikwa juu ya muziki wa dansi wa Tanzania. Wahakiki wa muziki huo aghalabu wamekuwa wahakiki wa mashairi. Wameyachambua maneno ya nyimbo, mafumbo yake, mawaidha yake juu ya ndoa na ulevi na maisha ya mjini, na kazi hiyo ni njema. Walakini sababu ya kuipendelea ni nyepesi mno, nayo ni kwamba maneno huandikika katika karatasi. Sauti ya gitaa haiandikiki kwa urahisi, kwa hiyo imeachwa nje ya hukumu, kana kwamba wachezaji waliojaa ukumbini walikwenda kusoma. Matokeo ni kwamba bendi husemwa kuwa "imebadilika" au "imepoa" bila mtu kueleza ni kiungo gani kilichobadilika.

Kiungo chenyewe, mara nyingi kuliko inavyodhaniwa, ni mpiga gitaa la solo. Ili kuona kwa nini, yafaa kutazama jinsi magitaa yanavyogawana kazi. Bendi kamili ya dansi ya miaka ya 1970 na 1980 ilikuwa na magitaa manne. Besi ilikaa chini pamoja na ngoma na tumba. Gitaa la ridhimu lilizivunjavunja sauti na kuzirudia bila kuchoka. Gitaa la solo la pili lilisimama katikati, likijibu na kuunga. Juu ya hayo yote lilipita gitaa la solo, likipiga sauti moja moja katika nyuzi nyembamba, ili lisikike hata kwa mtu aliye nje ya ua. Wimbo nao ulikuwa na sehemu mbili. Ya kwanza ni ya taratibu, na hapo waimbaji ndio wenye mamlaka, solo likijaza mapengo tu kati ya beti. Ya pili huitwa chemko: maneno hupungua, mwendo huongezeka, jina la mtindo wa bendi hupigiwa kelele, na gitaa la solo hushika kifungu kifupi cha sauti na kukirudia, likikigeuza kidogo kidogo mpaka wachezaji wote wamekuwa chini ya amri yake. Basi katika nusu ya kwanza mpiga solo ni mtumishi wa mwimbaji, na katika nusu ya pili ni bwana wa ukumbi.

Kwa hiyo akihama, wimbo haufi wote. Nusu hubaki karibu kama ilivyokuwa, na nusu huzaliwa upya au huzaliwa vibaya. Ndiyo maana msikilizaji wa maneno husema bendi ni ile ile, na mchezaji husema siyo, na wote wawili wasiwe waongo.

Katika muziki wa rock wa Uingereza mfano mashuhuri ni bendi ya Yardbirds, ambayo kati ya mwaka 1963 na 1968 ilipata wapiga gitaa watatu mfululizo: Eric Clapton, kisha Jeff Beck, kisha Jimmy Page. Clapton aliondoka mwaka 1965 kwa kuchukizwa na bendi ilipouacha mwendo wa blues na kutafuta soko. Beck akaleta ukali na milio ya ajabu. Na bendi ilipovunjika, Page akaiunda Led Zeppelin. Huko gitaa moja hubeba mzigo mkubwa, na akibadilika mtu mmoja hubadilika karibu kila kitu. Katika dansi mzigo umegawanywa, na kwa sababu hiyo badiliko lake ni gumu zaidi kulipima, na lastahili sikio lililo angalifu zaidi.

Morogoro Jazz yatoa mfano ulio wazi kuliko yote. Bendi hiyo ilianzishwa mwaka 1944, lakini sifa yake kubwa iliipata baada ya Mbaraka Mwinshehe kuingia katikati ya miaka ya 1960. Mbaraka alikuwa mtunzi, mwimbaji na mpiga solo kwa pamoja. Hili si jambo dogo. Mwimbaji mwingine humaliza ubeti na kumwachia mpiga solo nafasi; Mbaraka alijiachia mwenyewe, na gitaa lake lilijua mapema sauti yake itakomea wapi. Ndiyo maana katika nyimbo zake solo halifuati uimbaji kama mkia, bali huendeleza sentensi iliyoachwa nusu. Mwaka 1970 bendi ilikwenda Japani katika maonyesho ya Osaka. Mwaka 1973 Mbaraka akaondoka, akaunda Super Volcano. Morogoro Jazz ilibaki na jina lake, lakini haikuurudia tena utukufu ule. Kusema kwamba ilimkosa mwimbaji ni kusema nusu ya kweli. Mwimbaji huweza kupatikana. Kilichokosekana ni ule mshono kati ya koo na vidole, ambao haukuwa mali ya bendi hata siku moja. Mbaraka alipofariki katika ajali ya gari huko Mombasa, Januari 1979, mshono huo ulikwisha kabisa, na Super Volcano nayo haikuwa na njia ya kuushona tena.

Hapa wahakiki wa haraka hukata shauri kwamba bendi ni mpiga solo, na mpiga solo ni bendi. Hilo si kweli, na bendi ya Nuta yalikanusha. Ilianzishwa mwaka 1964 chini ya chama cha wafanyakazi, na kwa kadiri chama kilivyogeuzwa ndivyo jina la bendi lilivyogeuzwa: Nuta, kisha Juwata, kisha Ottu, mwisho Msondo Ngoma. Waimbaji walikuja na kuondoka, baadhi yao wakarudi. Hamisi Franco alilishika gitaa la solo katika siku za mwanzo. Tangu miaka ya 1970 likawa mikononi mwa Said Mabera, ambaye alikaa nalo kwa miongo mingi wakati wenzake wakihamahama. Majina manne, umiliki uliogeuka, vizazi vya waimbaji, na bado mtu anayesikia chemko la msondo kwa mbali hatafuti kuuliza ni bendi gani. Katika Morogoro Jazz jina lilibaki na sauti ikaondoka. Katika Msondo majina yaliondoka na sauti ikabaki. Ajabu ni kwamba historia za bendi huandikwa kwa kufuata majina.

Habari ya Mlimani Park ni tata zaidi, na kwa hiyo ina mafunzo mengi zaidi kwa mhakiki. Bendi hii iliundwa Dar es Salaam mwaka 1978, na mwaka 1983 ikawa chini ya Shirika la Maendeleo la Dar es Salaam, yaani DDC. Mtindo wake, sikinde, ulichukua jina la ngoma ya Wazaramo. Mwaka 1985 Hugo Kisima, mwenye Orchestra Safari Sound, aliivunja bendi yake na kuunda nyingine kwa kuwachukua wanamuziki sita wa Mlimani Park, miongoni mwao Muhidin Gurumo, Hassan Bitchuka na mpiga gitaa Abel Balthazar. Bendi mpya ikaitwa International Orchestra Safari Sound, na mtindo wake ndekule.

Yafaa kukumbuka vyombo vilikuwa vya nani. Katika bendi nyingi za wakati ule magitaa, vikuza sauti na ngoma vilikuwa mali ya shirika au ya tajiri, siyo ya mpigaji. Mpiga gitaa aliyehama aliliacha gitaa. Aliiacha pia sauti ya mtindo, kwa kuwa mtindo nao ulikuwa alama ya bendi. Alichoondoka nacho ni vidole vyake na kumbukumbu yake. Je, ndekule ilisikika kama sikinde? Kwa sehemu ndiyo, hasa katika uimbaji na katika jinsi magitaa yalivyosukana, na wapenzi wa pande zote mbili walilijua hilo. Lakini Mlimani Park iliyobaki haikuwa gofu. Ilijaza nafasi zilizoachwa wazi na ikaendelea kusikika kuwa sikinde.

Sababu moja ya kuendelea huko ilikuwa Michael Enoch. Katika miaka ya 1960 alikuwa mpiga solo mashuhuri wa Dar es Salaam Jazz. Katika Mlimani Park alishika saksafoni na uongozi wa muziki, na wenzake wakamwita mwalimu. Bendi yenye mpiga solo wa zamani anayesimama upande wa pembe haifiwi na gitaa kwa urahisi. Yeye asiyelipiga tena ndiye ajuaye lilivyopaswa kupigwa, na mgeni anayeingia hukuta mtu wa kumsahihisha. Katika Morogoro Jazz hapakuwa na mtu wa namna hii mwaka 1973, kwa kuwa mwalimu na mpigaji walikuwa mtu mmoja, naye ndiye aliyeondoka.

Sasa na irudiwe habari ya Bariadi. Mji huo uko mbali na kumbi za Dar es Salaam, na kwa wakazi wake bendi hizi zilikuwa kwanza kabisa sauti ya redio. Radio Tanzania Dar es Salaam, iliyochukua jina hilo mwaka 1965, ilizirekodi bendi katika studio yake na kuzirusha nchi nzima. Nyimbo nyingi za miaka ya 1980 zilijulikana kwa njia hiyo kuliko kwa sahani za santuri. Utepe ukisharekodiwa hauhami. Mpiga solo aliyekuwamo studioni siku ile huendelea kupiga kila wimbo unaporushwa, hata kama yeye mwenyewe amekwisha kwenda bendi nyingine mwaka uliopita. Kwa hiyo bendi inapofika mikoani baada ya mavuno, mpiga solo mpya hupanda jukwaani kushindana na mtu asiyekuwapo, ambaye wasikilizaji wanamjua kwa vidole pasipo kumjua kwa jina.

Afanye nini? Akiiga kila sauti ya utepe, sehemu ya taratibu itapendeza, lakini chemko litakufa mikononi mwake, kwa sababu kifungu cha chemko hugeuzwa kwa kuwatazama wachezaji waliopo, wala si wale wa studio. Akipuuza utepe kabisa, wasikilizaji watahisi wameuziwa wimbo mwingine kwa jina la ule wanaoupenda. Wapigaji bora huonyesha heshima katika ule mlango wa wimbo, yaani vile vifungu vya mwanzo ambavyo kila mtu anavijua, kisha katika chemko huchukua uhuru wao. Atakayelaumu uhuru huo na alaumu pia manju anayetunga nyimbo mpya kila msimu. Ni kweli kwamba kulinganisha huku kuna mpaka wake: manju hutunga maneno na huwa na wafuasi wanaohama naye, na mpiga solo wa bendi huajiriwa, na akihama huondoka peke yake au na wenzake wachache. Lakini katika jambo la kumshika mchezaji asiondoke uwanjani, kazi yao ni moja.

Lililo gumu kwa mhakiki wa leo ni kupata ushahidi. Sahani nyingi za zamani zimeandikwa jina la bendi, jina la wimbo, na pengine la mtunzi. Jina la mpiga solo halimo. Mwenye kutaka kujua ni mkono gani ulioongoza chemko fulani hana budi kuuliza wazee waliokuwamo katika bendi, kuweka nyimbo mbili za mwaka mmoja sikio kwa sikio, na kusikiliza mahali ambapo kifungu kinapogeuka, maana hapo ndipo kila mpigaji alipoweka sahihi yake.