Herme Mbeba Kondoo na Mchungaji wa Luka 15

Katika makumbusho ya Barracco mjini Roma imo sanamu ya marumaru ya Herme, mungu wa Wayunani, amebeba kondoo dume mabegani. Ni nakala ya nyakati za Warumi. Asili yake hudhaniwa kuwa kazi ya Kalamis, mchongaji wa karne ya 5 kabla ya Kristo, aliyoifanya kwa ajili ya mji wa Tanagra. Wako wanaoitazama na kusema kwamba hapa ndipo alipotoka Mchungaji Mwema, nasi tumekwisha kusikia mahubiri yaliyojengwa juu ya neno hilo: kwamba Wayunani nao walimjua, ila kwa jina jingine. Twaona yafaa neno hili lipimwe.

Kwamba umbo ni lile lile, hatubishi. Wakristo wa kwanza walichora na kuchonga kama mafundi wa siku zao. Wangejifunza wapi pengine? Swali letu lamhusu mnyama.

Pausanias, msafiri wa karne ya 2, asimulia kwamba Herme aliiepusha tauni na Tanagra kwa kuuzunguka ukuta wa mji akiwa na kondoo dume. Ndiyo maana Kalamis akaichonga sanamu ile. Tena, katika sikukuu ya Herme, kijana aliyehesabiwa kuwa mzuri kuliko wenzake aliuzunguka ukuta na mwana-kondoo mabegani. Mji umepona, kijana amesifiwa, kondoo je? Pausanias hasemi neno juu yake. Hakuna aliyemtafuta, kwa kuwa hakupotea. Alitwaliwa kwa haja ya watu. Hata yule Mbeba Ndama wa Akropoli ya Athene, aliyechongwa mwaka 560 hivi kabla ya Kristo, ambaye hubeba kwa upole unaotugusa hadi leo, anampeleka ndama kuwa sadaka.

Katika Luka 15 safari yageuka. Mchungaji anatoka nyumbani kwa ajili ya mnyama, naye mnyama anabebwa kurudi nyumbani, na majirani wanaitwa kufurahi kwa sababu yake. Katika Yohana 10 anayekufa ni mchungaji. Mhubiri anayeziunganisha picha hizi mbili bila kuuliza kondoo anapelekwa wapi amelipoteza fundisho lenyewe, hata kama amelipamba kwa elimu.

Hata hivyo sanamu hii yatusahihisha sisi nasi katika jambo moja. Picha nyingi zilizotundikwa makanisani mwetu humwonyesha Bwana amekumbatia mwana-kondoo mdogo, mweupe, asiye na tope. Hiyo ni Isaya 40:11, wala si Luka. Kondoo wa marumaru ni dume lililokomaa, nalo ni zito. Mwanafunzi aliyekulia katika jamii ya wafugaji hahitaji kuelezwa maana ya kubeba mnyama wa namna hiyo shingoni, mwendo wa saa kadhaa, huku akijitupatupa. Luka ataja mabega, na mabega hayatajwi bure.

Watu wa Listra walipomwita Paulo Herme (Mdo 14:12), kuhani wa Zeu alileta ng'ombe ili watoe dhabihu. Mitume walirarua mavazi yao. Hawakusema kwamba jina hilo latosha kwa kuanzia.

Waliotutangulia walilijua hilo pia. Katika nyumba ya ibada ya Dura-Europos, nchini Syria, iliyochorwa kabla mji haujaangamia mwaka 256 hivi, yuko mchungaji mwenye kondoo mabegani, juu ya kisima cha ubatizo. Umbo lake angelitambua Myunani yeyote. Lakini chini yake, pembeni, fundi amewachora Adamu na Hawa, wadogo sana, pamoja na nyoka. Na aliyeshuka majini kubatizwa aliwaona wao na mchungaji kwa mtazamo mmoja.