Mshono wa Kibofu

Mtoto alishatoka, analia, tulipoona maji yanachuruzika jerahani na mfuko wa mkojo ukigeuka rangi ya waridi. Mama yule alikuwa na makovu ya operesheni mbili za uzazi, na kibofu kilikuwa kimepanda kikagandamana na mji wa mimba. Katika kuvitenganisha, kikachanika.

Nimekuwa muuguzi wa thieta miaka mingi, na bado sichoki kutazama kinachofuata mkononi mwa mtu anayeijua kazi. Daktari wetu hakupandisha sauti. Alifunga kwanza mji wa mimba, damu ikakata. Ndipo akashika kingo za kibofu kwa koleo, akaomba taa isogezwe, akachungulia ndani kutafuta vitundu viwili vinavyoleta mkojo kutoka kwenye figo. Tundu likiwa karibu navyo, huitwa bingwa wa njia ya mkojo. Hili lilikuwa juu, mbali navyo, refu kama pingili ya kidole gumba.

Uzi ni ule unaoyeyuka, kwa sababu usioyeyuka ukibaki ndani ya kibofu huota mawe. Sindano ilichota nyama kidogo, ikatoka, ikarudi, nafasi zikilingana. Fundo lilikazwa mpaka kingo zikutane tu. Likizidi hapo nyama hukosa damu ikafa. Tabaka la kwanza likaisha, la pili likashonwa juu yake.

Kisha akasema, "Dada, nipe buluu." Nikapitisha kwenye mpira wa mkojo maji yaliyotiwa rangi, kama mililita 200, naye akalaza shashi nyeupe juu ya mshono. Sote tuliitazama ile shashi. Ilibaki nyeupe.

Tundu kama lile lisipoonekana siku ileile laweza kuwa fistula, na mama akavuja mkojo usiku na mchana. Katika Hospitali ya Fistula ya Addis Ababa, iliyoanzishwa na Catherine na Reginald Hamlin mwaka 1974, mmoja wa mafundi wakubwa wa kushona matundu hayo amekuwa Mamitu Gashe. Alifika kwa akina Hamlin akiwa mgonjwa, hakusomea udaktari. Mikono yake ilifundwa kwa kutazama na kusaidia. Namwamini mtu wa namna hiyo.

Jioni daktari aliketi kitandani pa mama. "Mama, kibofu kilichanika, tumekishona. Mpira utakaa siku kumi."

"Haya, daktari."

Siku zote kumi tuliulinda ule mpira usijikunje, usizibe. Ulipotolewa, mama alikwenda msalani mwenyewe, akarudi na kanga kavu.